Mjane Asiyeitika Mlangoni

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Leo sina sungura wala fisi. Nina mahakama, nina karani, na nina swali ambalo limeninyima raha tangu nilipolisikia mara ya kwanza. Nitawatwisha ninyi, kisha nijiendee zangu nikiwa mwepesi.

Kulikuwa na kaunti moja ya milimani iliyoitwa Mwarungu. Msiitafute kwenye ramani. Huko karani wa mahakama hakuteuliwa na wakubwa. Wananchi walimchagua wenyewe kila baada ya miaka mitano, tena kwa mlolongo: wagombea wanasimama uwanjani, na wewe unakwenda kusimama nyuma ya unayemtaka, mchana kweupe, shemeji na jirani wakikuona. Kazi ya karani ilikuwa kupokea karatasi za watu, kutunza mafaili, kushika mhuri, na kila siku ya kesi kusimama mlangoni pa mahakama na kuita majina. Kila jina liliitwa mara tatu. Usipoitika, inaandikwa kwamba hukufika, na kesi inaendelea bila wewe.

Karani wa wakati ule alikuwa Bi Perpetua, mama wa miaka hamsini na minane, aliyechaguliwa mara nne mfululizo. Masjalani alikuwa na wasaidizi watatu.

Wakesho alikuwa na sikio. Alikaa kaunta, na alikuwa na tabia ya kumwacha mtu aseme mpaka amalize, hata foleni ikinung'unika. Maghanga alikuwa na kumbukumbu. Hakuwahi kutupa karatasi, na wenzake walimtania kwamba hata kipande cha gazeti kilichofungia maandazi anakifungulia faili. Nyambu alikuwa na miguu. Yeye ndiye aliyepeleka samansi vijijini, na hakuna kichochoro cha milima ile ambacho hakukijua. Maneno hakuwa nayo mengi.

Na Bi Perpetua mwenyewe? Kipaji chake hamtakielewa mpaka niwaeleze desturi ya Mwarungu.

Huko, siku ya tatu baada ya maziko, mkubwa wa ukoo husimama mlangoni na kuliita jina la marehemu mara tatu, ili ajue kwamba nyumba ile si yake tena. Kwa sababu hiyo, mjane aliyevaa kaniki, ile nguo nyeusi ya msiba, haitikii jina lake likiitwa kutoka mlangoni, kwa mwaka mzima. Akiitika, wanaamini, amejibu mwito usio wake, na atamfuata mumewe. Ukimtaka, unamwendea ukamgusa bega.

Sasa fikirieni mahakama inayoita watu kutoka mlangoni, mara tatu. Makarani wa zamani walikuwa wageni. Wengine hawakuijua desturi hiyo, wengine waliijua wakapuuza. Wajane walikaa kwenye benchi wakisikia majina yao, midomo wameifunga, na mashamba yao yakaenda. Mama yake Perpetua alikuwa mmoja wao. Perpetua alikuwa na miaka kumi na mmoja, ameketi kando ya mama yake, na alipotaka kuitika kwa niaba yake alifinywa paja anyamaze. Hilo hakulisahau.

Alipogombea mara ya kwanza alisema neno moja tu: "Mkinichagua, hakuna atakayepoteza kesi kwa sababu ya kaniki." Wakamchagua. Akishamaliza kuita majina, alikuwa akishuka zile ngazi tatu za mahakama, anapita benchi kwa benchi, anamgusa bega kila aliyevaa kaniki na kumwuliza jina kwa sauti ya chini. Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, akapendwa, na uchaguzi wa tano ulipokaribia hapakuwa na mtu wa kushindana naye.

Ilikuwa Ijumaa, siku nne kabla ya uchaguzi huo, saa mbili asubuhi. Mama mmoja alifika kaunta, kaniki mwilini, vumbi mpaka magotini, na mkononi karatasi yenye tundu la msumari. Jina lake Mghoi. Alitoka kijiji cha Mlondo, nyuma ya mlima.

"Mwanangu," alimwambia Wakesho, "hii niligongomewa mlangoni juzi. Nilidhani ni ya chanjo ya mbuzi. Jana jioni mwalimu akanisomea. Anasema leo natolewa nyumbani."

Wakesho akaisoma. Miezi sita nyuma, Kirigha, shemeji yake Mghoi, alishinda kesi ya shamba na nyumba ya marehemu ndugu yake, kwa kuwa mjane hakufika mahakamani. Dalali wa mahakama angemkabidhi Kirigha nyumba siku ile ile, kabla ya saa sita mchana. Na sheria ya Mwarungu ilisema hivi: nyumba imekabidhiwa pale mlango wake unapong'olewa. Mlango ukishatoka, amri yoyote ya kuzuia haina kazi, na mtu aliye nje atadai akiwa nje, miaka na miaka.

Kibaya zaidi, hakimu alikuwa wa kuzunguka. Saa tatu na nusu angepanda gari kwenda kituo kingine, asirudi mpaka wiki ya pili.

"Mama, kesi hiyo iliisha," mtu mmoja alisema kutoka kwenye foleni. "Nenda kwa wakili, sisi tuna kazi."

Karani yeyote wa kaunta angesema vivyo hivyo, maana rejista ilisema hivyo. Wakesho alimtazama yule mama, akimngoja amalize.

"Iliishaje, na mimi sijaguswa?" Mghoi akasema. "Nilikaa pale, benchi ya pili, mpaka askari akafunga. Nilimsikia Bi Karani akiniita. Nikamngoja ashuke. Hakushuka. Nikajua labda nitaitwa siku nyingine."

Alielewa kilichotokea, na alielewa ni nani aliyekosea. Akafunga kaunta, foleni ikimzomea, akaingia masjalani.

Maghanga alimsikiliza akiwa amesimama. "Nani atamwamini?" akauliza. "Rejista imeandika hakufika, na hakimu anafuata rejista."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Maghanga akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda ambao Wakesho aliuona mrefu kupita kiasi, kwa kuwa saa ya ukutani ilikuwa mbele yake. "Geti," Maghanga alisema mwishowe. "Kila anayeingia anaandikwa na askari wa geti, asiyejua kuandika anatia dole. Kitabu cha wakati ule kilikuwa na jalada jekundu. Vitabu vilivyojaa vilitakiwa vichomwe mwezi wa tatu."

"Vikachomwa?"

"Niliviomba."

Alikuwa ameviweka kwenye gunia, chini ya mashine mbovu ya kutolea nakala. Alipolivuta gunia, kilichotoka kwanza ni udongo. Mchwa walikuwa wameingia. Kitabu chekundu kilikuwa kimeliwa kuanzia nyuma, kurasa zimegandana, na Maghanga alizitenganisha kwa rula, moja moja, huku jasho likimdondokea mikononi. Wakesho alikuwa akihesabu dakika kwa sauti bila kujijua. Mwishowe tarehe ikaonekana, na chini yake dole la wino wa zambarau: Mghoi, Mlondo, ameingia saa mbili kasoro dakika kumi, ametoka saa kumi na robo. Tundu la mchwa lilikuwa limekoma upana wa kidole kutoka kwenye mstari huo.

Saa tatu na dakika tano walikuwa mbele ya hakimu, na mahakama ilikuwa imejaa watu.

Hakimu akakitazama kitabu, akakigeuza, akapangusa vumbi. "Hiki kinasema aliingia getini," alisema. "Hakisemi kwamba hakuitwa ipasavyo. Rejista yangu inasema aliitwa mara tatu kwa utaratibu wa mahakama hii. Siwezi kuivunja rejista kwa kitabu cha geti. Anayeweza kuivunja ni aliyeiandika."

Aliyeiandika alikuwa amesimama kando yake, orodha ya majina mkononi.

Niwaambieni lililotokea siku ile, miezi sita nyuma, kwa sababu Bi Perpetua alilikumbuka lote pale pale. Alikuwa amepata miwani mipya ya kusomea. Akiivaa, karatasi inaonekana vizuri, lakini mbele ya karatasi ni ukungu mtupu. Ili aone benchi ilimbidi aivue, na kuivua na kuivaa mbele ya watu kulimtia aibu, wasije wakasema Perpetua amezeeka. Siku ile kesi zilikuwa sitini na moja na hakimu alikuwa na haraka. Aliita majina, akainua uso, akatazama ule ukungu, hakuona kaniki. Hakuvua miwani wala hakushuka ngazi. Akaandika kwamba Mghoi hakufika.

Wakesho alimwangalia. Maghanga aliangalia sakafu. Nusu ya watu waliojaa mle ndani wangesimama nyuma yake uwanjani Jumanne, na angeweza kukaa kimya tu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Nawaambia kweli, mimi ningetazama dari.

"Mheshimiwa," Bi Perpetua alisema, "naomba niapishwe."

Akaapishwa. "Nilimwita mara tatu kutoka mlangoni," alisema. "Sikushuka kumgusa. Alikuwepo, na mimi sikumwona kwa sababu sikwenda kumtazama. Kosa ni langu. Yeye hana kosa lolote."

Kisha mama mmoja wa nyuma akasema, bila kupaza sauti, "Perpetua, hata wewe?" Kila mtu alilisikia neno hilo, na aliyeambiwa alilisikia kuliko wote.

Hakimu akaandika amri ya kusimamisha, akatia sahihi, akamsogezea. Bi Perpetua akapiga mhuri. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tano.

Wakesho alimpigia dalali simu. "Mimi sifanyi kazi ya simu," dalali akajibu. "Nileteeni karatasi yenye mhuri." Akakata.

Barabara ya kwenda Mlondo ilizunguka mlima, na daraja lake lilikuwa limechukuliwa na mafuriko tangu mwezi uliopita. Iliyobaki ni njia ya juu ya mlima, mwendo wa saa tatu na nusu kwa mtu mwenye magoti mazima. Walikuwa na saa mbili na nusu. Nyambu aliichukua amri, akaitia kwenye mfuko wa plastiki wa maziwa, akaufunga, akauweka ndani ya shati.

"Utafika?" Bi Perpetua akamwuliza.

"Sijui," Nyambu akasema, akaondoka.

Alipanda bodaboda mpaka mwisho wa lami, kisha akaanza kukimbia. Penye maporomoko alikata kushoto, pasipo na njia, akishika mizizi. Kule upande wa pili alianguka akachubuka goti mpaka nyama ikaonekana, akaufunga mguu kwa soksi. Mto ulikuwa umejaa. Alivuka maji yakimfika kifuani, mfuko wa maziwa ameung'ata kwa meno. Hakuwa na saa. Alilitazama jua tu, na kila alipolitazama alilikuta limepanda kuliko alivyotarajia.

Huku nyuma, Mghoi alikuwa ameketi kwenye benchi ile ile ya pili. Bi Perpetua aliketi ncha ya pili ya benchi. Saa tano ikafika. Saa sita ikafika, ikapita, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Mlondo, vitu vya Mghoi vilikuwa nje juani: kitanda, masufuria, picha ya marehemu imelazwa kifudifudi. Kirigha alikuwa amekalia kiti cha kaka yake, akitazama. Dalali alikuwa mtu wa kuanza mapema, na fundi wake alikuwa mlangoni. Bawaba mbili kati ya tatu zilikuwa zimeshatoka. Nyambu alipotokea kwenye migomba hakuwa na pumzi ya kusema chochote. Alikwenda moja kwa moja, akaukumbatia mlango, na kwa mkono mmoja akatoa mfuko wa maziwa.

Dalali aliisoma amri mara mbili. Akaugusa mhuri kwa kidole, akatazama saa yake. Zilikuwa zimebaki dakika nane.

"Rudisha skrubu," akamwambia fundi.

Kule Mlondo simu hazishiki mpaka upande kilima. Nyambu alikipanda akichechemea, na ilikuwa karibu saa saba simu ya Wakesho ilipolia. Alisikiliza, kisha akamgeukia Mghoi. "Mama, mlango upo," akasema, na yeye ndiye aliyeanza kulia.

Mnafikiri imekwisha? Hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Habari ilienea Mwarungu nzima kabla ya jioni. Sheria yao iliruhusu jina jipya liingizwe hadi siku ya mwisho kabla ya kura, mradi watu hamsini watie dole. Watu wa kaunta wakalipeleka jina la Wakesho. Wazee waliowahi kupoteza hati wakalipeleka la Maghanga. Mlondo yote ikatia dole kwa Nyambu. Wenyewe walikataa, wakaombwa, wakakubali shingo upande. Wengine walimwendea Bi Perpetua kumshauri ajiondoe kwa heshima.

"Nikijiondoa nitakuwa nimewaamulia," alisema. "Nitasimama. Asiyenitaka apite."

Jumanne uwanja ulichorwa alama nne za chokaa, na wagombea wanne wakasimama juu yake. Afisa wa uchaguzi, mgeni kutoka kaunti nyingine, alisimama kwenye mlango wa ofisi ya uwanja na kitabu cha wapiga kura, akiita. Mtu anaitwa, anaitika, anakwenda kusimama anakotaka. Asiyeitika mara ya tatu anakatwa jina.

Na maneno yalikuwa mengi kwenye milolongo ile.

"Bila Wakesho, yule mama angeambiwa kesi imekwisha, akarudi kulilia mbuzi wake. Wengine wote walikuja baada ya yeye kusikia."

"Kusikia tu? Hakimu huwezi kumpelekea masikio. Maghanga alitunza kitabu ambacho serikali yenyewe ilitaka kukichoma."

"Nyie mlikaa kivulini. Nyambu ndiye aliyevuja damu. Amri ikiwa mfukoni upande huu wa mlima, ni karatasi tu."

"Na Perpetua?" mwanamke mmoja akauliza. "Wale walitoa kazi yao. Yeye alitoa jina lake la miaka ishirini."

"Alitoa jina kulipia shimo alilolichimba mwenyewe," mwingine akamjibu. "Angeshuka ngazi tatu tu, wengine wasingehangaika."

"Na wewe ungesema, kama hakuna aliyekuuliza?"

Huyo akajifanya anahesabu watu wa mlolongo wake.

Jua lilipoanza kuinama, milolongo ilihesabiwa. Mia nne na kumi na watatu kwa Wakesho. Mia nne na kumi na watatu kwa Maghanga. Kwa Nyambu vilevile, na kwa Bi Perpetua vilevile. Mtaniambia haiwezekani. Mimi nawasimulia nilivyosimuliwa. Jina moja tu lilikuwa limebaki kitabuni.

"Mghoi wa Mlondo," afisa akaita kutoka mlangoni.

Alikuwa pale, kwenye benchi ya pembeni, na kaniki yake, kwa kuwa mwaka ulikuwa bado haujatimia. Aliinamisha macho. Hakuitika.

"Mghoi wa Mlondo."

Aliye kwenye mlolongo akitoka amepoteza kura. Mgombea akiondoka kwenye chokaa yake, mlolongo wake wote unavunjwa. Kila mtu alijua, isipokuwa yule afisa, kwamba mama yule anangoja kuguswa. Walioona wanasema wagombea wote wanne walinyanyua mguu kwa wakati mmoja, na wote wanne walikuwa wakimtazama yeye, si chokaa. Bi Perpetua alikuwa amevua miwani, ameishika mkononi.

Afisa akafungua kinywa kuita mara ya tatu. Akaona watu elfu moja na mia sita na ushee wanatazama mahali pamoja. Si mjinga yule. Akafunga kitabu, akashuka ngazi, akavuka uwanja, akamgusa yule mama bega.

"Mama, ndiwe Mghoi?"

"Ndimi."

Akainuka. Akatembea taratibu mpaka katikati ya uwanja, mahali ambapo alama zote nne ziko umbali sawa, akasimama. Akamtazama aliyemsikia. Akamtazama aliyemtunzia dole lake. Akamtazama aliyeushika mlango wake, goti bado limefungwa. Akamtazama aliyempoteza, ambaye kisha alijitoa mwenyewe ili amrudishe. Mikono yake ilikuwa ikicheza na ncha ya kaniki. Hatua moja tu ilibaki, na popote atakapokwenda, watatu atawapa mgongo.

Aliyenisimulia alikomea hapo akaenda zake, nami nimekasirika naye hadi leo. Sasa ni zamu yenu. Wewe uliyekaa karibu na mlango, nakuona unavyoyakwepa macho yangu. Simama. Je, wewe ungekwenda nyuma ya nani?